Nguo walizovishwa watakatifu wa Michelangelo: zibaki au zifutwe?

Wakuu, naleta mada. Mwaka 1541 mchoraji Michelangelo alimaliza mchoro wa Hukumu ya Mwisho juu ya altare ya kikanisa cha Sistine, Vatikani. Karibu kila mtu uchi, watakatifu wakiwemo. Desemba 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukatoa agizo kuhusu picha za ibada, na mwezi uliofuata ikaamriwa ukuta ule usitiriwe. Kazi akapewa mchoraji Daniele da Volterra; Warumi wakambatiza Braghettone, mvisha suruali. Ukarabati ulipoisha mwaka 1994, nguo nyingi zilizoongezwa na wengine karne za baadaye zilifutwa, za Daniele zikaachwa. Kwangu mimi zingeondoka zote. Hofu ya maaskofu si sehemu ya mchoro.

Mchangiaji 1: Unaitupia dini kila kitu. Aliyeagiza picha ni Papa Clement VII, aliyesimamia ikaisha ni Papa Paulo III. Na mwaka 1545 aliyelalamika kwa ukali ni Pietro Aretino, mtunzi wa mashairi ya matusi! Alikuwa ameomba michoro kwa Michelangelo, hakupata. Hapo maadili yanahusika wapi?

Mchangiaji 2: Ndugu zangu, pale panasomwa Misa. Anayekuja kusali naye ana haki yake, msimfanye mshamba. Ingekuwa ukumbi wa maonyesho ningekuelewa, mleta mada.

Mleta mada: Hoja hiyo aliitoa Biagio da Cesena, msimamizi wa sherehe za papa, kabla hata kazi haijaisha: picha ya bafuni na kilabuni, alisema. Michelangelo akamchora motoni, masikio ya punda, nyoka akimng'ata sehemu za siri. Huyo wala hakuvishwa suruali. Lakini Mtakatifu Katarina alikwanguliwa hadi plasta, akachorwa upya na gauni, na Mtakatifu Blasio aliye nyuma yake akageuzwa kichwa. Katarina wa mwanzo tunamwona kwenye nakala ya mchoraji Marcello Venusti ya mwaka 1549, iliyoko Napoli. Huo ni uharibifu, tusiupambe.

Mchangiaji 1: Katarina nakupa. Ila Daniele alikuwa rafiki wa Michelangelo, alikuwepo kitandani mzee akifa Februari 1564. Baadaye mchoraji El Greco, inasimuliwa, alijitolea kuibomoa picha nzima na kuchora nyingine yenye heshima. Bila zile suruali, una hakika wasingemkubalia?

Mleta mada: Sina. Bado ningezifuta.