Hivi daktari wa kwanza akishaandika jina la ugonjwa kwenye faili, wengine wote kazi yao ni kunakili tu?

Wakuu, leo acha niseme maana nimevumilia vya kutosha.

Dada yangu kaumwa muda mrefu, kakonda mpaka nguo zinamvuka, anatapika, presha iko chini, akisimama anashika ukuta kwa kizunguzungu, na hamu ya chumvi ya ajabu, anaimimina kiganjani analamba. Hospitali wakaandika vidonda vya tumbo. Sawa, siku ya kwanza mtu yeyote angeanzia hapo, sina ugomvi. Ugomvi ni kilichofuata: kila daktari aliyekuja anafungua faili, anasoma alichoandika mwenzake, anaandika hicho hicho. Dawa hazisaidii? Ongeza dozi. Bado? Basi ana mawazo, akapumzike. Mtu anaisha mbele ya macho yenu mnasema mawazo!

Na majibu yalikuwa humo humo kwenye faili. Niliomba nakala za vipimo nikavipanga kwa tarehe, sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, chini, kipimo kinachofuata chini, kingine chini tena, potasiamu inapanda, maabara wenyewe wameweka mshale pembeni ya namba. Kila akilazwa anatundikiwa dripu ya chumvi, anapata nafuu, anakaa anaongea, anaruhusiwa, haichukui muda tumerudi. Vidonda gani vya tumbo hivyo vinavyotulia kwa maji ya chumvi? Hakuna aliyejiuliza.

Aliyeona ni daktari wa intern, mdogo kuliko wote pale. Kamwambia afungue mdomo, fizi zina mabaka meusi ambayo zamani hayakuwepo, kaangalia viganja, kaangalia kovu la gotini limekuwa jeusi tii, kaomba picha ya zamani kwenye simu akalinganisha sura. Basi. Kaagiza kipimo cha asubuhi cha kotisoli, homoni inayotengenezwa na tezi za juu ya figo, ikaja chini kabisa, wakamalizia na kipimo cha sindano ya kuziamsha tezi hizo, hazikuitika. Ugonjwa wa Addison. Tezi zimekufa, mwili unamwaga chumvi kwenye mkojo, na ile homoni ambayo tezi iliyo chini ya ubongo inaimwaga kwa wingi kuzisukuma tezi za figo ndio inayomfanya mtu awe mweusi.

Sasa asije mtu hapa kuniambia ni ugonjwa adimu hivyo daktari hawezi kuufikiria. Thomas Addison aliuelezea 1855! Uko kwenye vitabu vyao. Na magonjwa haya ukiyachukua moja moja ndio adimu, Ulaya wanahesabu ule usiozidi mtu 1 kati ya 2,000, ila ukiyajumlisha ni maelfu ya magonjwa na wagonjwa ni mamilioni kwa mamilioni. Kuna wenye ugonjwa wa Wilson wanatetemeka na kubadilika tabia wakapelekwa wodi ya akili, kumbe shaba imejaa kwenye ini na ubongo na wengi wao ukiwamulika jicho kwa kifaa unaona duara la kahawia. Kuna wenye pofiria, ugonjwa unaoleta maumivu makali ya tumbo, wanapasuliwa tumbo bure, wakati mkojo ukiachwa kwenye mwanga unabadilika rangi.

Halafu hata jina la ugonjwa likijulikana haisaidii! Juzi kapata homa, tumefika tumesema ana Addison, akiumwa dozi ya haidrokotizoni, dawa inayoziba pengo la kotisoli, inapandishwa, wodini wakamnyang'anya vidonge eti dawa za kutoka nyumbani haziruhusiwi, tusubiri raundi ya asubuhi. Asubuhi! Huyu akikosa hiyo homoni na homa juu, presha inaporomoka na anaweza kufa ndani ya masaa. Niligoma kutoka mpaka daktari wa zamu akaitwa akamchoma sindano.

Madaktari mliomo humu naomba jibu moja la kueleweka. Mgonjwa akirudi na kurudi kwa shida ile ile, kazi ya kukaa chini na kupitia faili zima toka ukurasa wa kwanza ni ya nani? Bingwa? Wa zamu? Maana nilipouliza pale kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake.