Tupeane uzoefu: vifaa vya kurekodi nyumbani na kupiga muziki pamoja mtandaoni

Kinanda wa Tabata (mleta mada)

Wakuu, salaam. Kila mara mtu anauliza "maiki gani kali?" anamwagiwa majina ya kampuni, basi. Hapa tufanye tofauti: sema unapiga nini, chumba chako kikoje, unarekodi peke yako au unapiga na wenzako mtandaoni. Kifaa ukitaje baada ya hapo.

Naanza. Mimi napiga kinanda, mpiga besi wetu yuko Arusha, gita la solo liko Morogoro. Mazoezi tunafanya kwa SonoBus, programu ya bure ya kupitisha sauti mtandaoni. Jambo linalotawala kila kitu ni kuchelewa kwa sauti. Hewani sauti huenda kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mwenzako akisimama mita 8 kutoka ulipo jukwaani, unamsikia akiwa amechelewa milisekunde 23 hivi, na mnapiga vizuri tu. Mtandaoni, mkivuka milisekunde 30 mnaanza kusubiriana: wewe unamngoja yeye, yeye anakungoja wewe, mdundo unalegea mpaka wimbo wa kuchezeka unakuwa wa msiba.

Ndiyo maana pesa yangu ya kwanza ilikwenda kwenye waya mrefu wa kutoka kwenye ruta hadi kwenye laptopu. Wi-Fi inaweza kuonekana ina kasi, lakini inayumba, na sauti inakatika vipande. Pili, hedifoni za waya. Za bluetooth mara nyingi zinachelewesha zaidi ya milisekunde 100 zenyewe tu, yaani umeshapotea kabla sauti haijatoka chumbani. Tatu, saundi kadi ya nje (kile kisanduku cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta) yenye draiva yake ya ASIO, yaani programu ya kupitisha sauti haraka, kama unatumia Windows. Nimeweka bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hukusanya kabla ya kulipitisha, ya sampuli 128 kwenye kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni kama milisekunde 2.7. Ukiiacha 1,024 unabeba 21 bure. Maiki kwangu ilikuja mwisho kabisa, maana kinanda naingiza kwa jeki moja kwa moja.

Udi wa Shangani

Assalaam alaykum. Mie napiga udi, nipo Mji Mkongwe, na ndugu yangu anayepiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, yupo Maskati. Tulitamani sana kupiga pamoja moja kwa moja. Haiwezekani, na si kosa la kifaa. Kutoka hapa hadi kwake ni karibu kilomita 4,000, na mwanga ndani ya nyaya za baharini huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Hizo ni milisekunde 20 hata kama waya ungenyooka kama rula, nao haunyooki. Ongeza vyombo vya huku na huko, basi tena. Anayekuuzia saundi kadi kwa kusema itakuunganisha na Ulaya mpige pamoja, muage kwa adabu.

Tunachofanya ni hivi: narekodi udi wangu na mdundo wa kuhesabia, namtumia faili, naye anaweka kanuni juu yake. Kwa kazi hiyo kuchelewa hakuna maana tena, chumba ndicho chenye maana. Nyumba zetu hizi za mawe na dari refu zinarudisha mwangwi kama msikiti mtupu. Nina maiki ya kondensa, ile inayonasa hata sauti ndogo, inayotaka volti 48 kutoka kwenye saundi kadi. Naiweka kama sentimita 25 kutoka pale shingo inapokutana na tumbo la udi, si mbele ya tundu, maana pale inavuma. Nyuma yangu godoro limesimamishwa ukutani, pembeni mablanketi. Mke wangu ameshazoea.

Paa la Kayole

Huku Nairobi mambo ni tofauti na ya Mzee wa Shangani. Paa ni mabati, chini kuna karakana ya kuchomelea vyuma, jirani ana jogoo asiyejua saa. Kondensa hapa inakusanya mtaa mzima. Mimi hurekodi waimbaji wa injili, na natumia Shure SM58, maiki ya dainamiki, yaani isiyonasa sana sauti za mbali, iliyoko sokoni tangu 1966. Mwimbaji anaikaribia kabisa, naipandisha sauti kwenye saundi kadi, na jogoo anabaki mbali. Haina ule ung'avu wa juu wa kondensa, nakubali. Lakini ung'avu wa nini ikiwa na welding imo ndani?

Angalizo kwa wanaonunua Luthuli au River Road: za bandia ni nyingi. Ya kweli ina uzito wa gramu 298. Beba mizani ya jikoni, wacha wakucheke.

Alto wa Mwanza

Mimi sina kompyuta, niko kwenye kwaya, tunarekodi sauti zetu kila mtu kwa simu yake kisha mwalimu anaziunganisha. Nilinunua maiki ya kubana shatini, simu ikawa haiisikii kabisa. Fundi akanionyesha jeki: yenye mistari miwili myeusi ni ya kamera, ya simu inatakiwa iwe na mitatu. Kuna kiunganishi kidogo kinachotatua. Halafu sikio moja lenye mdundo, jingine wazi, na naimbia ndani ya kabati la nguo likiwa limejaa.

Fundi Waya

Wengi wanaleta kwangu saundi kadi "mbovu" inayovuma mmm mfululizo. Kabla hujaileta, chomoa chaja ya laptopu utumie betri. Mvumo ukikata, kifaa chako ni kizima, tatizo liko kwenye chaja au nyumba haina waya wa ardhini. Umeme wetu ni wa hezi 50, huo mvumo ndio wenyewe.

Mgeni Wa Mada

Nina laki mbili na nusu, laptopu ninayo, naimba na kupiga gita kavu, nataka yote mawili: kurekodi na kupiga na rafiki aliye Dodoma. Nianzie wapi? Mimi niko Dar, chumba cha kupanga, barabarani.

Kinanda wa Tabata

Barabarani? Basi dainamiki, usimsikilize mtu. Tafuta saundi kadi ya tundu mbili, hata mtumba ilimradi draiva yake bado inapatikana kwenye tovuti ya kampuni. Angalia hilo kabla ya kulipa. Maiki moja: ukirekodi, piga gita kwanza, imba baadaye. Siku ya kupiga na rafiki iweke kati ya mdomo na gita. Hedifoni za waya zilizoziba masikio, waya wa ruta. Pesa ikibaki, stendi ya maiki. Rafiki wa Dodoma naye awe na waya, la sivyo utakuwa umenunua vyako bure. Yeye anatumia nini?