Kikundi cha familia: mjomba na vina vya Eminem

Asha: Shikamoo mjomba. Ule wimbo Lose Yourself wa Eminem, rapa wa Marekani, umeusikiliza, au bado unasema rapu ni kufokeana tu?

Mjomba: Marahaba. Bado nasema. Mistari haina mizani, silabi hazilingani, mmoja mfupi, mwingine mrefu. Tarbia, shairi letu la mistari minne, ingekuwa imeanguka hapo hapo.

Juma: Usihesabu mizani mjomba, hesabu mapigo. Kila mstari una manne. Wimbo ule unakwenda kama mapigo 86 kwa dakika, kwa hiyo mstari ni sekunde 2.8 hivi. Humo atie silabi 8 au 16, shauri yake, ilimradi zenye mkazo ziangukie pigo. Gonga meza kwa kidole huku unasikiliza.

Mjomba: Nimegonga. Hatoki nje ya pigo, hilo nampa. Lakini vina? "Heavy" na "spaghetti" wapi na wapi? Vi na ti!

Asha: Kwetu kina ni silabi nzima ya mwisho. Yeye anafuata irabu tu, kuanzia penye mkazo: e-i, e-i. Konsonanti anaziacha zicheze. Chapisha ubeti wa kwanza, chukua kalamu ya rangi, pigia mstari kila e-i. Utaona nyingine haziko mwishoni kabisa, zimejificha ndani ya mstari.

Mjomba: Vina vya kati! Si mngesema tangu mwanzo.

Shangazi: 😂😂 Ameshanasa huyo

Juma: Na kuna "orange", neno ambalo Waingereza hudai halina kina. Mwaka 2010 kwenye 60 Minutes, kipindi cha televisheni cha Marekani, Eminem alimwonyesha mtangazaji Anderson Cooper kwamba ni suala la matamshi tu. Akalipanga na four-inch, door hinge, storage, porridge na George.

Mjomba: Yaani analipinda neno mpaka litii. Hiyo ni tabdila, washairi wetu wanaijua zamani. Mjanja, lakini hajavumbua kitu.

Shangazi: Na wimbo wake Rap God? Mie nasikia cherehani.

Juma: Maneno 1,560 kwa dakika 6 na sekunde 4, Guinness, wale wa kitabu cha rekodi, wameiandika. Kuna kipande cha maneno 97 ndani ya sekunde 15. Ugumu wenyewe uko kwenye pumzi. Wanaoiga wanajaza silabi kila upenyo, hewa inaisha kabla ya mstari, wanaanza kumeza konsonanti. Weka alama pa kuvuta hewa kabla hujafungua mdomo. Anza kwa nusu ya kasi, na usiongeze mpaka kila neno lisikike.

Mjomba: Kasi hainishtui, hata mnadi bidhaa anayo. Vile vina ndivyo vinanikera, maana ni kazi kweli.

Asha: Ndiyo maana 2003 Lose Yourself ilichukua Oscar ya wimbo bora wa filamu. Rapu ya kwanza kuipata.

Mjomba: Oscar si hoja. Matusi je?

Asha: Lipo toleo lililofutwa matusi. Ila neno likifutwa pigo linabaki tupu, na mahali pengine kina kinakwenda nalo.

Mjomba: Nitumie hilo hilo. Na maneno ya ubeti wa pili kwa maandishi, kuna mahali nadhani kina kimemponyoka.

Shangazi: Saa sita usiku, mjomba!

Mjomba: Tuma, Asha.