Mjadala: Johnny Carson aliondoka bila kuagwa. Mashabiki wake walidhulumiwa?

Bwana Isevya: Ndugu zangu, mwangaluka. Jana usiku nimeangalia tena kipindi cha mwisho cha Johnny Carson, yule mchekeshaji wa runinga ya Marekani, Mei 22, 1992. Amekaa juu ya kiti kirefu, hana mgeni, anawaaga watu aliowachekesha tangu 1962. Alifariki Januari 23, 2005, akiwa na miaka 79, na familia ikasema hakuna ibada ya hadhara. Hapa Tabora akifa jirani tu, turubai linafunga barabara! Mimi naona waliompenda walidhulumiwa. Nyie je?

Mama Ng'ambo: Maiti ina wenyewe. Mume wangu alipofariki nilipikia siku nne watu ambao hawakuja hata kumjulia hali. Anayemlilia Carson amlilie sebuleni kwake, ndiko walikokuwa wakionana.

Kijana wa Cheyo: Mama, shikamoo. Huyu si ndiye aliyetania kwamba karatasi za chooni zimeadimika, Wamarekani wakafagia maduka? Miaka ya themanini ile. Mtu wa hivyo haagwi kimya, hata kama kansa ilimtesa.

Mama Ng'ambo: Marahaba mwanangu. Kwa hiyo mimi nilikosea kuchoka?

Fundi Redio: Ilikuwa Desemba 1973, na hakufa kwa kansa. Ni emfisema, mapafu yanachakaa mpaka pumzi inakuwa kazi. Sigara hiyo. Zamani alikuwa anavuta pale pale mezani, kamera zinamwangalia. Tumbaku yenu, ndugu zangu wa Urambo na Sikonge, hiyo ndiyo kazi yake.

Mkulima wa Sikonge: Fundi, umenigusa pabaya. Tumbaku "yetu"? Wamarekani wanalima tumbaku Virginia tangu babu wa babu yangu hajazaliwa. Mimi nina watoto wanne, ada yao inatoka kwenye marobota. Ukiwa na zao lingine lenye mnunuzi wa uhakika, nitajie sasa hivi.

Fundi Redio: Asali. Na sikusema umemuua mtu, kaka. Nimesema misitu ya miombo inaisha kwa kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, na mapafu yanaisha kwa sigara.

Mkulima wa Sikonge: Asali nalina, mizinga kumi na miwili. Haijawahi kunilipia hata sare za shule. Na miti nimepanda, njoo uihesabu!

Bwana Isevya: Jamani, mimi niliuliza habari ya kuaga.

Kijana wa Cheyo: Fundi, redio zote unazotengeneza mjini hapa, wateja wako wanazilipia kwa pesa ya nini?

Binti wa bani: Wazee wangu, shikamooni. Nimekulia bani, njia ya Tutuo. Majani yakishapanda kwenye fito, baba halali ndani. Analala mlangoni mwa bani anachochea kuni, joto lisishuke usiku. Ule utomvu unamganda vidoleni, mweusi, hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Tukila naye bakuli moja tunausikia uchungu wake kwenye ugali. Baba hajavuta sigara hata moja maisha yake. Mwaka huu anakohoa mpaka anakaa chini. Huyo Carson mmeshamjua alichougua. Baba yangu hakuna anayejua.

Mkulima wa Sikonge: Marahaba. Pole sana mwanangu. Amepimwa?

Binti wa bani: Hataki. Anasema akienda mjini moto utazima na majani yataharibika, na mkopo wa pembejeo unamsubiri.

Fundi Redio: Akifika mjini alale kwangu. Chumba kipo.

Mkulima wa Sikonge: Moto hautazima. Bani langu limeshamaliza, na mimi si mbali na Tutuo. Kesho asubuhi nakuja na kijana wangu mkubwa, tutachochea sisi mpaka mzee arudi. Mwambie baba yako aandae nguo za safari.