Wagonjwa wanapofurika usiku katika idara ya dharura, mnapangaje kazi?

Sista wa Usiku
Habari za kazi, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi, nina miezi minane katika idara ya dharura ya hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania. Jumapili moja mwezi uliopita tulikuwa wauguzi wawili na daktari mmoja wa mafunzo kazini. Kabla ya saa nne usiku vitanda vyote sita vilikuwa vimejaa, kisha wakaletwa majeruhi wanne wa bodaboda zilizogongana. Mmoja wao, kijana aliyeingia kwa miguu yake akilalamikia tumbo kidogo, nilimpa rangi ya kijani, yaani ya mgonjwa anayeweza kusubiri, nikamkalisha kwenye benchi, nikamkimbilia mwenzake aliyekuwa akivuja damu kichwani. Nilikusudia kumrudia baada ya nusu saa. Nilimrudia baada ya saa mbili, tena kwa sababu mama yake alinivuta mkono akasema mtoto anasikia baridi. Viganja vilikuwa vimeloa jasho, mapigo ya moyo 136 kwa dakika, na bandama, kama ilivyoonekana baadaye, ilikuwa imepasuka. Alifanyiwa upasuaji na amesharuhusiwa kurudi nyumbani, lakini mimi nikitoka zamu silali, ninahesabu vitanda. Je, mnafanyaje ili mtu asisahaulike wakati kila mmoja anakuita, na mnafanyaje ili zamu isiwafuate nyumbani?

Mama Mstaafu
Mwanangu, pole sana. Nilifanya kazi hiyo miaka 26, na kosa lako ninalijua kwa sababu nami nililifanya, enzi hizo tukiwapanga wagonjwa kwa kuwatazama tu na, nikiri, kwa kelele za ndugu zao. Rangi zimetusaidia mno, lakini zimekuja na hatari yake: mtu akishapewa kijani, macho ya wote humruka. Rangi inaeleza hali ya mgonjwa dakika ile uliyompima, wala si cheo atakachokaa nacho hadi asubuhi. Kijana mwenye afya anapovuja damu tumboni, mishipa yake hujibana na moyo huongeza kasi, hivyo presha inaweza kusomeka vizuri mpaka awe amepoteza karibu asilimia 30 ya damu yake. Ndiyo maana niliwafundisha wasichana wangu kushika kiganja kabla ya kushika mashine, kwa kuwa mkono wa baridi na mapigo yanayopanda hutangulia.

Kuhusu kupanga kazi, usikitegemee kichwa chako. Nilikuwa nikibandika plasta pana kwenye aproni, juu ya paja, nikiandika mahali alipo mgonjwa na saa ya kumrudia: «Benchi 2, saa tano kasoro robo.» Nikisharudi kwake, ninapiga mstari. Halafu kila saa niliwazungukia wote, wa benchi wakiwemo, nikimshika kila mmoja mkono na kumuuliza jina lake. Anayejibu jina lake vizuri amekwisha kukueleza mengi kuhusu pumzi na ufahamu wake.

Tabibu wa Zamu
Sista, plasta ya mama inafaa, ila haitakusaidia iwapo unakatizwa kila unapoandika. Kwetu kinachochosha kuliko wagonjwa wenyewe ni maswali: ndugu anaulizia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mlinzi anauliza gari liegeshwe wapi, maabara wanauliza sampuli isiyo na jina ni ya nani, na yote huja wakati unavuta dawa kwenye bomba la sindano. Tulikubaliana kwamba anayeandaa dawa hasemeshwi mpaka amalize, na kwamba mhudumu mmoja husimama mlangoni na kuwapa ndugu habari kila nusu saa, hata kama habari ni kwamba bado tunasubiri majibu. Agizo la mdomo nalo hurudiwa kwa sauti: nikisema «adrenalini miligramu 1 kwenye mshipa», muuguzi huyarudia maneno hayo kabla ya kuchoma, na tena baada ya kuchoma.

Jambo jingine, daktari wa mafunzo kazini mara nyingi huogopa kumwamsha bingwa. Unaruhusiwa kumwambia, mbele ya wote na kwa heshima, kwamba wagonjwa wametuzidi na ni wakati wa kupiga simu.

Afisa Tabibu, Mombasa
Nauheshimu ushauri uliotangulia, lakini nahofia tunamfundisha dada yetu kubeba mzigo wa watu wanne kwa ustadi zaidi. Wauguzi wawili kwa wagonjwa kumi ni kasoro ya mpango wa kazi, na Shirika la Afya Duniani, lilipotoa ufafanuzi wake wa mwaka 2019, liliuhesabu uchovu huu wa kazini (burnout) kuwa ni jambo linalotokana na kazi, halikuuita ugonjwa wa mtu. Kwa hiyo andika kila zamu mbaya: saa, idadi ya wagonjwa, idadi yenu, na nani alichelewa kuonwa. Karatasi moja itaitwa malalamiko, ila za miezi mitatu zikiwa faili moja ni hoja ya kuombea muuguzi wa tatu.

Kuhusu usingizi, dadangu, usiguse dawa za usingizi bila kuandikiwa. Mimi hutundika leso (khanga) mbili dirishani na kuzima simu. Kuhesabu vitanda kukizidi mwezi mmoja, au ukianza kulikwepa lile benchi, muone mshauri nasaha, na usisubiri ushindwe kabisa.

Sista wa Usiku
Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Jana plasta yangu ilijaa kabla ya saa sita usiku, ikabidi nibandike ya pili. Msimamizi wetu aliniuliza ni ya nini, na baada ya maelezo ameagiza ubao mdogo utundikwe juu ya benchi. Afisa tabibu, naomba nikuulize: nakala ya hiyo taarifa ya zamu unampa nani? Daftari letu la ripoti lina safu za majina ya wagonjwa na dawa walizopewa, lakini halina mahali pa kuandika kwamba usiku huo tulikuwa wawili.