Kondoo majike niliowanunua Kiamaiko wanatupa mimba, wenyeji wa zizi langu hawana neno. Niuze au ningoje?

MamaZizi (Kamulu)

Hamjambo wafugaji. Ni saa nane za usiku, usingizi umekataa, kwa hiyo mnivumilie nikiandika mengi.

Nina nusu ekari hapa Kamulu, ndani kidogo ya barabara ya Kangundo. Miaka sita nimefuga kondoo wekundu wa Kimaasai. Sasa hivi wako saba, na kwangu hakuna aliyewahi kutupa mimba. Mwezi uliopita zamu yangu ya chama ikafika. Nikarauka Kiamaiko, soko la mbuzi na kondoo la Nairobi, na kununua majike wanane wa vichwa vyeusi kabla wachinjaji hawajawafikia. Mchuuzi alisema wametoka upande wa Isiolo. Wote walikuwa na mimba. Nikajiona mjanja kweli: nalipia wanane, naondoka na wanane na matumbo yao.

Siku kumi za kwanza hakukuwa na tatizo. Niliwachunga pamoja na wenyeji kwenye kiwanja cha jirani chenye majani marefu. Kisha mmoja akajitenga, kichwa chini, makamasi yenye damu, anaharisha. Kesho yake nikaokota kitoto kwenye nyasi za zizi. Hakuwa na manyoya, macho yamefumba, kwato nyeupe na laini kama nta. Nilimfunga kwenye leso yangu, sijui kwa nini. Ndani ya wiki moja wanne wakatupa, na wawili kati yao wakafa. Wa tano alizaa mtoto hai, yeye mwenyewe akafa siku ya tatu. Wekundu wangu saba hata kukohoa hawajakohoa.

Halafu Jumapili akaja Kibibi, mwekundu wangu mkongwe. Saa nne asubuhi niliona mguu mmoja umetoka. Nikasema huyu ni mzoefu, atajimudu. Saa tisa bado ni mguu ule ule. Nikauvuta. Mtoto akatoka amekufa, shingo imegeukia ubavuni. Tangu siku hiyo Kibibi anarudi pale alipozalia, ananusa udongo na kuita kwa ile sauti ya chini, ya kifuani, ambayo kondoo humtolea mtoto wake tu. Nikiisikia natoka nje.

Jirani anasema ni jicho. Baba watoto anasema ni kondoo tu, si mtu. Nawauliza nyinyi: waliotupa mimba niwauze? Na huyu wa Kibibi, ni mimi niliyemuua?

KukuFaida

Uza wote ununue kuku. Yai halikwami 😂

MstaafuKabete

Huyo wa kuku hajaona kuku aliyekwamwa na yai, tumwache.

Mama, pole sana. Miaka mingi kazi yangu kwenye maabara ya mifugo ya Kabete ilikuwa kupokea vifurushi kama hicho cha leso yako, na nikikusoma nakwama kwenye jambo moja: wageni wanaanguka, wenyeji wamesimama. Jicho halichagui hivyo. Kuna ugonjwa unaochagua hivyo, na umebeba jina la mji wetu: ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Montgomery aliuandika mwaka 1917 kutokana na kazi yake hapa hapa Kabete. Ni virusi, na anayevibeba ni kupe wa masikio wa rangi ya kahawia, yule yule wa ndigana kali ya ng'ombe. Kondoo aliyezaliwa kwenye kupe hao hukutana na virusi angali mdogo, akiwa na kinga aliyoinyonya kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama yake, kwa hiyo hupita bila wewe kujua. Kondoo wa nchi kavu ya kaskazini hajawahi kumwona kupe huyo. Ukimleta Kamulu, ukimtia kwenye majani marefu, anapokea kila kitu kwa mkupuo mmoja. Homa inapanda hadi nyuzi 41 au 42, anaharisha, na mwenye mimba anaitupa.

Hata hivyo sijamwona mnyama, naona maandishi. Homa ya Bonde la Ufa nayo hutupisha mimba, tena zizi zima kwa pamoja, na iligunduliwa kwa kondoo karibu na Ziwa Naivasha (mwaka 1931 ndipo ilipoandikwa). Lakini yenyewe huja na mvua kubwa na mbu, na huua vitoto kama nzi. Kuna na brusela, ugonjwa wa bakteria ambao nao hutupisha mimba. Kwa hiyo pima kabla ya kuamua lolote. Mpigie afisa mifugo wa kaunti leo. Akitupa mwingine, chukua kitoto na zalio lake, mifuko miwili ya plastiki, kwenye ndoo ya barafu, usigandishe, na upeleke maabara ya serikali Kabete siku hiyo hiyo. Mwenye homa atolewe damu angali hai.

Glavu, mama. Leso ile ichome. Vinavyobaki zika kirefu mbwa wasifukue. Na kama hapo nyumbani kuna mwenye mimba, asikanyage zizini kabisa.

Kuhusu kuuza: waliotupa na kupona usiwaguse kwa sasa. Kama ni ugonjwa huu, hao ndio wenye kinga, utakuwa umeuza wazuri ukabaki na bahati nasibu. Kama ni brusela, habari ni nyingine, na hapo pia hutaki kumuuzia mtu. Dawa ya kuua virusi hivi haipo. Kivuli, maji, na leo hii pekua masikio ya wote.

MchungajiKitengela

Mimi nijibu la Kibibi, la maabara amelimaliza mzee.

Mtoto akija vizuri utaona kwato mbili na pua imelala juu yake. Ukiona mguu mmoja tu bila pua, usivute kamwe. Kila unavyovuta, mwili unakuja na kichwa kinazidi kurudi nyuma. Kata kucha, nawa hadi kwenye kiwiko, paka jeli ya kulainisha (agroveti wanayo; ukikosa, mafuta ya kupikia). Funga uzi laini kwenye ule mguu ili usikupotee. Ngoja mama apumzike kusukuma, ndipo umrudishe mtoto ndani taratibu. Fuata shingo kwa vidole mpaka upate taya, fumba pua yake kwenye kiganja ili meno yasichane kizazi, ulete kichwa mbele. Kisha tafuta mguu wa pili. Sasa vuta, lakini anaposukuma yeye tu, na uelekeze chini kwenye visigino vyake, si kukunyooshea wewe. Maji yakipasuka na asukume nusu saa bila kitu kusogea, tia mkono. Wewe ukipapasa nusu saa bila kufaulu, ita daktari. Kutoka saa nne hadi saa tisa ni mbali.

Uliuliza kama ni wewe. Ulichelewa, ndiyo. Mimi nilivuta kuliko wewe, mguu ukabaki mkononi mwangu. Nilimwambia baba kuwa ni fisi.

Sasa nieleze: yule yatima mama yake aliyekufa, anakunywa nini? Na Kibibi ana maziwa?

MamaZizi (Kamulu)

Anakunywa ya ng'ombe kwa chupa ya soda. Kibibi kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Haki sikuwa nimefikiria.

MchungajiKitengela

Kama ngozi ya mtoto wake ungekuwa nayo ungemvisha yatima, lakini najua ushazika. Mfunge Kibibi kwenye kona nyembamba asigeuke, msugue yatima maji ya chumvi ili amlambe, mnyonyeshe hivyo mara tano sita kwa siku. Siku tatu zimepita, si rahisi.

MamaZizi (Kamulu)

Nimerudi. Afisa alikuja na glavu zake na akatoa damu kwa wawili wenye homa. Mmoja wao alitupa juzi, nikapeleka Kabete kwa matatu, ndoo ya barafu magotini, kondakta ananiuliza kama ni samaki. Majibu bado. Masikio ya vichwa vyeusi mzee ulisema kweli: kupe wamejipanga ndani kama mtama. Tumewaogesha wote, na kile kiwanja hatuendi tena. Binti wa jirani aliyekuwa akinisaidia kufagia zizi ana mimba ya miezi mitano. Nimempeleka kliniki nikiwa nimeshika roho mkononi. Wamesema yuko salama, watampima tena.

Kibibi tumembana kati ya ukuta na mlango wa zamani. Baba watoto ndiye anayeshika tochi usiku, na hasemi tena ni kondoo tu. Yatima ananyonya akishikiliwa. Ukimwachilia Kibibi, anampiga kichwa.

Jana alfajiri nilimsikia tena akiita kwa ile sauti. Nikachungulia. Kitoto kilikuwa kimelala mbele ya miguu yake na yeye alikuwa anatazama pale pale alipozalia, kwa hiyo sijui alikuwa akimwita yupi.