Kenya 2022: runinga tofauti, hesabu tofauti

Wadau, kwenye uchaguzi wa rais wa Agosti 2022 runinga moja ilionyesha Ruto anaongoza, nyingine Raila. Nani alidanganya?

— Si lazima awepo mwongo. IEBC, tume ya uchaguzi, iliweka mtandaoni fomu 34A (matokeo ya urais ya kila kituo) za vituo zaidi ya 46,000, kila chumba cha habari kikajumlisha kwa mpangilio wake. Aliyeanza na Nyeri, ngome ya Ruto, hawezi kulingana na aliyeanza na Kisumu, ngome ya Raila.

— Ndiyo maana asilimia tupu haisemi kitu. Tazama kwanza vituo vingapi vimeingizwa, na vya kaunti zipi. Kisha jumlisha 34A za eneobunge lako, ulinganishe na 34B, fomu ya jumla ya eneobunge.

— Na fomu za WhatsApp?

— Achana nazo mpaka uione ileile kwenye tovuti ya tume: jina la kituo, mkondo (kituo kikubwa hugawanywa mikondo), tarakimu. Kugeuza 1 iwe 7 ni kazi ya dakika moja kwenye simu.